Kasuku wawili katika nyumba moja ya Nairobi: huyo wa pili anatoka wapi?

Anayefuga kasuku wa kijivu hapa Nairobi hakosi kupewa mashauri mawili yasiyoafikiana. Moja linasema: mtafutie mwenzake, kasuku akikaa peke yake hunyong'onyea, hujinyonyoa manyoya na kufa kabla ya wakati wake. La pili linasema: usijaribu, ukimleta wa pili yule wa kwanza atakuacha, hatakuongelesha tena, na badala ya kelele za ndege mmoja utapata za wawili. Wanaotoa mashauri haya ni watu wanaowapenda ndege wao kwa dhati, na kila upande una ukweli wake. Hata hivyo kuna swali ambalo pande zote mbili hulipita kimya, nalo kwa Kenya ndilo zito kuliko yote: huyo wa pili anatoka wapi?

Nianze na upande wa jozi, maana ndio wenye nguvu zaidi tukimtazama ndege mwenyewe. Kasuku wa kijivu msituni hajui maisha ya upweke. Hula na wenzake, huruka nao, na jioni hukusanyika nao kwenye miti mirefu kulala, mara nyingine kwa mamia. Akipata mwenzi hudumu naye kwa miaka, na wawili hao hulea makinda ndani ya shimo la mti. Ndege wa namna hiyo ndiye anayewekwa kizimbani, sebuleni kwa mtu anayetoka nyumbani alfajiri kukwepa foleni ya barabara ya Thika na kurudi saa mbili usiku. Redio iliyoachwa ikilia haimjibu anapoita. Naye huita sana, hasa asubuhi na jioni, kwa sababu huo ndio wakati kundi hutafutana.

Mwaka 2014 watafiti wa Vienna, Austria, walichapisha matokeo ya kupima damu ya kasuku wa kijivu waliofugwa, wengine peke yao na wengine wawiliwawili. Walitazama telomea, yaani ncha za kromosomu ambazo hufupika kadiri kiumbe anavyozeeka na anavyoishi kwa msongo. Ndege wa miaka 9 walioishi peke yao walikuwa na telomea fupi kama za ndege wa jozi waliowazidi umri kwa miaka 23. Utafiti mmoja haumalizi mjadala, na huenda ndege hao walitofautiana na wenzao kwa mengine pia, lakini mimi sioni jinsi mfugaji anavyoweza kuusoma na kulala usingizi mzuri. Uswisi ilikuwa imeshaamua mapema: kanuni zake za mwaka 2008 za kulinda wanyama zinataka kasuku wasifugwe mmojammoja.

Mwaka 2020 ukaja utafiti mwingine ulionigusa zaidi. Kasuku wa kijivu walifundishwa kutoa tokeni, yaani kipande cha kubadilishana na chakula, ili wapewe kokwa. Kisha wakawekwa wawili jirani: mmoja ana tokeni lakini dirisha lake la kupokelea chakula limefungwa, mwingine dirisha liko wazi lakini hana tokeni. Yule mwenye tokeni alimpitishia mwenzake, akamtazama akila, naye hakupata kitu. Si mara moja. Kiumbe mwenye uwezo huo wa kumjali mwingine anapokaa miaka thelathini bila wa kumjali, kuna sehemu yake inayokaa bure.

Nimewahi kukaa barazani Lang'ata nikiwatazama wawili wanaofugwa kwa kibali. Mmoja aliinamisha kichwa mpaka mdomo ukagusa kifua, akasimamisha manyoya ya kisogo. Mwenzake akasogea kwenye kijiti na kuanza kumtafunatafuna pale polepole, akivunja ala ngumu zinazofunika manyoya mapya. Kazi hiyo ndege hawezi kujifanyia, kwa sababu kisogoni mdomo wake haufiki. Aliye peke yake hujikuna kwa ukucha au hungoja kidole cha mtu. Ukipapasa kichwa cha kasuku asiye na mwenzi wakati wa kubadilisha manyoya utazisikia ala hizo zimesimama kama miiba midogo.

Sasa upande wa pili, nao haupaswi kudharauliwa. Kuwaweka kasuku wawili pamoja hakuwafanyi kuwa jozi. Hawa ni viumbe wanaochagua, na mtu hawezi kuwachagulia. Ndege aliyelelewa kwa mikono ya watu tangu kinda anaweza kumwona kasuku mwenzake kama mvamizi na kumhesabu mwenye nyumba kuwa ndiye mwenzi. Wanaolazimishwa kukaa kizimba kimoja siku ya kwanza hung'atana vidole, na mdomo unaovunja kokwa ngumu hauoni tabu kukata ukucha wa mwingine. Isitoshe, kwa kasuku wa kijivu dume na jike hufanana, hivyo anayekwambia "hawa ni mume na mke" bila kipimo cha vinasaba anabahatisha.

Na kweli wapo wanaoachwa. Mzee mmoja mstaafu wa Ngara aliniambia, bila kuficha uchungu, "Mwanangu, tangu huyu mwingine aje, mimi nimekuwa wa kuleta chakula tu." Kasuku wake alikuwa akimsalimu kila asubuhi kwa jina. Sasa salamu zinaenda upande wa pili wa kijiti. Sitaki kuyafanya mepesi maumivu hayo, maana kwa mzee anayeishi peke yake sauti ile ilikuwa ya thamani. Lakini tukipima kwa haki, aliyepoteza hapo ni mtu, na ndege amepata. Maneno ambayo kasuku hutuambia yanatokana na haja yake ya kuwa na kundi, na akikosa kundi lake hujifunza lugha ya kundi lililopo. Kumnyima mwenzake ili aendelee kutusemesha ni kuutumia upweke wake kwa starehe yetu.

Hoja nzito zaidi ya wanaotetea ndege mmoja ni kwamba mtu anaweza kuwa kundi lenyewe. Inawezekana. Alex, kasuku wa kijivu wa mtafiti Irene Pepperberg wa Marekani, aliyefariki mwaka 2007 akiwa na miaka 31, alijifunza majina ya rangi, maumbo na idadi kwa kukaa na watu waliozungumza naye na kuzungumza mbele yake mchana kutwa. Tatizo ni hiyo mchana kutwa. Katika nyumba nyingi za Nairobi anayekaa na ndege mchana kutwa ni dada wa kazi. Yeye ndiye anayembadilishia maji, anayemkatia sukuma wiki na karoti, anayemwongelesha akipiga pasi. Mwenye nyumba huamini ndege ni wake kwa sababu ndiye aliyelipa, lakini moyo wa ndege uko jikoni. Kisha dada anaacha kazi, anaenda kwao Vihiga au anapata kazi kwingine, na wiki chache baadaye kasuku anaanza kujinyonyoa kifua. Daktari anaitwa, vitamini zinanunuliwa, kizimba kinahamishwa dirishani. Hakuna anayefikiri kwamba ndege amefiwa. Nikiulizwa sababu moja tu ya kupendelea jozi katika mji huu, nitataja hii: kasuku anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, na hakuna mtu katika nyumba ya Nairobi anayeweza kumwahidi kwamba atakuwepo mchana kwa muda huo. Watoto wanaenda chuo, kazi zinahamishwa, ndoa zinavunjika. Ndege mwenzake haendi kokote.

Mambo ya nyumbani nitayapitia haraka, ingawa yanaangusha wengi. Jozi haimaanishi kizimba kimoja. Inamaanisha vizimba viwili vinavyotazamana, na muda wa kutoka pamoja mtu akiwepo. Ndege mgeni atengwe kwenye chumba kingine kwa wiki sita hivi na daktari wa mifugo anayewajua ndege ampime, kwa sababu ugonjwa wa mdomo na manyoya huua, na homa ya kasuku huambukiza hata watu kupitia vumbi la vinyesi. Kasuku wa kijivu hutoa ungaunga mwingi kwenye manyoya, wawili hutoa maradufu, na mwenye pumu ndani ya nyumba ya chumba kimoja ataumia. Sufuria zenye utando wa kuzuia chakula kushika zikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoua ndege kwa dakika chache, na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa ni hatari vilevile. Avokado ni sumu kwao, hata kipande kidogo usikipuuze. Mbegu za alizeti peke yake huwaacha bila vitamini A na kalsiamu, na jike mwenye upungufu huo akitaga anaweza kukwamiwa na yai na kufa. Kwa hiyo wasipewe sanduku la kiota. Na kelele: kwenye ploti ambapo ukuta mmoja unagawa familia mbili, ongea na jirani na mwenye nyumba kabla, kwa kuwa ndege anayefukuzwa na landilodi huishia kwa mtu yeyote aliye tayari kumchukua.

Lakini hayo yote yana dawa. Lisilo na dawa rahisi ni asili ya ndege wa pili. Kasuku wa kijivu hutokea Afrika Magharibi na ya Kati hadi magharibi mwa Kenya, na msitu wa Kakamega ndiyo makao yake ya mwisho ya porini nchini mwetu, nako wamebaki wachache mno. Tangu miaka ya 1970 zaidi ya milioni moja wametolewa porini na kuingizwa kwenye biashara ya kimataifa, bila kuhesabu waliokufa kwenye ulimbo, magunia na makatoni kabla ya kufika sokoni. Ndiyo maana mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, zilimhamishia kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikapigwa marufuku. Hapa kwetu Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka anayefuga awe na kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), na miaka michache iliyopita shirika hilo lilitoa kipindi cha msamaha ili wafugaji wasio na kibali wajitokeze na kuhalalisha ndege wao.

Sasa mtu mwenye kasuku mmoja anashawishika kwa hoja zile za jozi, hoja nilizozitetea mwenyewe hapo juu. Anauliza huku na kule. Anapigiwa simu: yupo mmoja, amekuja kutoka upande wa mpaka wa magharibi, kinda, mpole. Anaonyeshwa katoni lenye matundu. Na hapo kuna kitu cha kutazama: jicho. Kinda wa kasuku wa kijivu ana jicho jeusi au la kijivu, na jicho hugeuka manjano hafifu akikua. "Kinda" mwenye jicho la manjano ni ndege mzima. Akisogelewa na kunguruma huku amejibana pembeni, mabawa yamekatwa ovyo, huyo hajawahi kulishwa kwa mkono wa mtu. Alikuwa na mwenzi, na pengine makinda kwenye shimo la mti. Anayemnunua ili kuponya upweke wa ndege wake amevunja jozi moja ili aunde nyingine, na kwa fedha hizo amemtuma mtegaji arudi msituni.

Wapo watakaosema ndege ameshakamatwa, ukimwacha atakufa katonini, afadhali umwokoe. Naielewa huruma hiyo, kwani macho ya ndege yule si rahisi kuyapa kisogo. Lakini muuzaji hajui kuokoa, anajua kuuza, na wiki ijayo ataleta wengine wawili. La kumsaidia ndege yule ni kupiga simu KWS.

Kwa kasuku wadogo wa Fischer, wale wa kijani wenye shingo ya rangi ya chungwa, hali ni tofauti kidogo. Asili yao ni kaskazini mwa Tanzania, na hata makundi tunayoyaona Naivasha yanatokana na ndege waliotoroka au kuachiliwa. Wao huuzwa wawiliwawili tangu mwanzo, na sioni sababu ya kuwatenganisha. Sharti ni lile lile la kibali, na usimfungulie mlango yule uliyemchoka ukidhani unampa uhuru.

Msimamo wangu basi ni huu. Aliye na kasuku wa kijivu mmoja kwa kibali, na ambaye nyumba yake ni tupu mchana, amtafutie mwenzake, lakini mwenzake huyo awe ndege ambaye tayari yuko kizimbani na ana karatasi zake: wa mzee aliyefariki, wa familia inayohamia ng'ambo, wa mtu aliyechoka. Asipopatikana, angoje, na huku akingoja apange nani atakaa na ndege, saa ngapi, na nani atamrithi. Ambaye hana kasuku kabisa na anamtaka kwa ajili ya maneno, asianze.

Na KWS inaweza kurahisisha jambo hili kwa gharama ndogo. Kumbukumbu za vibali zinaonyesha nani anafuga kasuku na wangapi. Ofisi hiyohiyo ikikubali kuwa daraja kati ya wafugaji wa ndege mmojammoja, kwa hiari yao na kwa ukaguzi wa daktari, ndege wa South B aliyefiwa na bibi yake angeweza kukutanishwa na wa Karen anayejinyonyoa, bila hata mmoja kutolewa msituni. Wafugaji wenye vibali ndio wenye haki ya kuliomba hili, na waliombe kwa maandishi wanapoenda kuhuisha vibali vyao.