Dhoruba za usiku Ziwa Victoria: zinazaliwa ziwani au zinaletwa kutoka mbali?

Usiku wa giza, usio na mbalamwezi, ndio usiku wa dagaa. Mitumbwi huondoka kwenye mialo ya Ukerewe, Muleba na Homa Bay jua linapozama, taa zikiwa tayari, na wavuvi hubaki majini hadi alfajiri. Kwa bahati mbaya, saa hizo hizo ndizo ambazo ziwa hujenga dhoruba zake kali kuliko zote. Wanaozichambua wamegawanyika: wapo wanaosema dhoruba hizi ni zao la ziwa lenyewe na nchi inayolizunguka, na wapo wanaosema chanzo chake halisi ni mizunguko mikubwa ya hewa inayofika hapa kutoka Bahari ya Hindi na bonde la Kongo. Swali hili si la darasani tu, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua tahadhari itolewe vipi na saa ngapi.

Hoja ya kwanza ni rahisi kuifuatilia. Ziwa lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800, na maji yake hupata joto polepole na kulipoteza polepole. Mchana nchi kavu huchemka upesi, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu kujaza pengo. Ndiyo maana mawingu ya alasiri hujengeka juu ya vilima, kama kule Kericho, ambako upepo wa ziwani hukutana na upepo wa mashariki na ambako zimewahi kurekodiwa siku zaidi ya 100 za mvua ya mawe katika mwaka mmoja. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na uvuguvugu wake, na upepo wa nchi kavu, ule ambao mabaharia wa pwani huuita umande, hushuka ziwani kutoka pande zote. Pepo hizo zikikutana katikati hazina pa kwenda isipokuwa juu, zikiwa zimebeba mvuke wa ziwa.

Hapo ndipo wingu la radi huzaliwa. Mvuke unapopanda hupoa na kugeuka matone, na joto linaloachiliwa katika kugeuka huko huzidi kuisukuma hewa juu. Baadaye mvua hudondoka, sehemu yake hukauka ikiwa bado angani, na hewa inayoizunguka hupozwa hadi inakuwa nzito. Hewa hiyo huporomoka, ikigonga uso wa maji husambaa pande zote kwa kasi, na mara nyingi hutangulia mvua yenyewe. Mvuvi huhisi kwanza ubaridi wa ghafla usoni, kisha upepo, kisha mawimbi, na tone la kwanza la mvua huenda likamfikia mtumbwi ukiwa tayari umelala ubavu.

Udhaifu wa hoja hii ni mmoja, lakini ni mkubwa. Kupoa kwa nchi kavu ni jambo la karibu kila usiku, ilhali dhoruba za kuua si za kila usiku. Lazima kuwe na kitu kingine kinachochagua usiku. Wanaotetea mifumo mikubwa hutaja ukanda mvua, yaani eneo ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana na kujenga mawingu, ambao huvuka ikweta mara mbili kwa mwaka na kuleta masika na vuli. Hutaja upepo wa mashariki unaoyasukuma mawingu hadi Bukoba kupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Musoma, iliyo ng'ambo ya pili, haifikishi 1,000. Hutaja pia siku ambazo upepo wa magharibi huingiza unyevu kutoka Kongo. Vuli ya 2019, wakati magharibi mwa Bahari ya Hindi palipokuwa na joto lisilo la kawaida, ni ushahidi wao mzito: mvua zilizidi kiasi, na kufikia Mei 2020 maji ya ziwa yalikuwa yamerudi kwenye kimo cha rekodi ya 1964.

Hata hivyo, mifumo hiyo mikubwa hueleza msimu vizuri kuliko inavyoeleza saa. Kumwambia mvuvi kwamba vuli hii itakuwa na mvua juu ya wastani si kumwambia kama atoke leo.

Hapa inafaa kutenganisha maneno, maana sisi huita "kimbunga" vitu viwili tofauti kabisa. Vimbunga vya baharini huhitaji nguvu ya mzunguko wa dunia, ambayo karibu na ikweta ni hafifu mno. Ile nguzo ya upepo unaozunguka, inayobomoa miji katika nyanda za kati za Marekani, hutokea pale hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico inapopita chini ya hewa kavu, huku upepo wa juu ukiwa na kasi kubwa na mwelekeo tofauti na wa chini, kiasi cha kulizungusha wingu zima. Juu ya Ziwa Victoria tofauti hiyo ya upepo kwa kawaida ni ndogo. Nguzo za maji zinazoonekana huku, ambazo Waluo huziita nyakoi, kwa kawaida huanzia chini, pepo zinapokutana usoni pa maji, na nyingi hudumu dakika chache tu.

Kwa maoni yangu, kazi iliyochapishwa mwaka 2016 na mtafiti wa tabianchi Wim Thiery na wenzake ndiyo iliyosogeza mjadala mbele. Walionyesha kwamba dhoruba kali za usiku ziwani hutegemea mvua iliyonyesha nchi kavu mchana uliotangulia: asilimia 74 ya athari hiyo hutokana na kuimarika kwa mkutano wa pepo juu ya ziwa, na asilimia 26 na kuongezeka kwa unyevu. Kwa maneno mengine, mifumo mikubwa huiandaa siku, siku huuandaa usiku, na ziwa humaliza kazi. Walionyesha pia kwamba hewa chafu zinazoongeza joto duniani zikiendelea kumwagwa kwa wingi, mvua kali juu ya ziwa zitaongezeka karibu mara mbili ya ongezeko la nchi kavu inayolizunguka.

Ndiyo sababu naona tahadhari ya asubuhi peke yake haitoshi, ingawa mradi wa HIGHWAY, ulioanza 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulisaidia kuboresha utabiri wa ziwa hili. Wapo wanaoonya kwamba tahadhari za mara kwa mara zisizotimia zitawafanya wavuvi wazipuuze, na hofu hiyo ni ya haki. Mvuvi anayekosa usiku wa giza amekosa ada ya shule ya mtoto. Lakini mawingu ya alasiri juu ya vilima huonekana kwa setilaiti, na yale yaliyo karibu na Mwanza huonekana kwa rada iliyopo huko, saa kadhaa kabla ya dhoruba yenyewe. Taarifa yake ingeweza kufika mwaloni saa kumi na moja jioni, mitumbwi ikiwa bado mchangani.