Mtaalamu wa Korosho

Lengo la kwanza lilikuwa kuachana na chipsi mayai. La pili, kujipikia. La tatu, ambalo ndilo lililokuja kuitoa nyumba nzima nje kwenye mvua, lilikuwa kula vya kwetu: ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, pweza, ming'oko (mizizi ya kuchimba porini), na korosho nilizokaanga kwa mkono wangu mwenyewe. Niliyaandika yote nyuma ya kitabu cha risiti cha dukani, nikapiga na mhuri.

Mhuri si mzaha. Mimi nauza pembejeo hapa Mtwara mjini. Mkulima akiniletea jani la mkorosho lililofunikwa na unga mweupe, namwambia huo ni ubwiriunga, nampa salfa, namweleza namna ya kupuliza, naye ananiita mtaalamu. Hajui kwamba mtaalamu mwenyewe kazaliwa Mbagala, kakulia Mbagala, na korosho zote alizowahi kula maishani alizikuta zimeshabanguliwa, zina chumvi, zimo kwenye pakiti.

Sasa mwaka huo Bibi yangu alikuwa ameteremka kutoka Newala kuja kliniki ya macho. Alikuja na kiroba cha korosho ghafi za mikorosho yake mwenyewe, za kutafuna nyumbani, lakini njia nzima alizifunika kwa ming'oko, kondakta asije akadhani anabeba kangomba, zile korosho za kununuliwa kinyemela. Bibi ananiita mume wangu, na kama wake wengi wa umri wake, hana adabu hata kidogo. Nilipomsomea malengo yangu alisikiliza hadi mwisho, akauliza:

"Mume wangu, na mke wa kupika umemwandika namba ngapi?"

"Napika mwenyewe, Bibi."

"Haya. Na mtu wa kuzima moto je?"

Nikacheka. Asubuhi ya tarehe moja Januari mvua ikaamka kabla yetu. Bibi akasema korosho zisubiri jua. Korosho, alisema, hukaangwa nje, kwenye bati la zamani lililotobolewa matundu, moto wa kuni chini, mchanga mkavu pembeni, fimbo ndefu mkononi, na upepo uwe unaelekea kwa jirani usiyempenda. Nikamwambia hayo ya bati yalikuwa zamani. Mimi nina kikaango kipya, cheusi, kile kisichogandisha, na jiko la gesi.

(Hilo jiko nalo lina kisa chake. Gesi asilia inachimbwa hapa hapa, Mnazi Bay, inasafishwa Madimba, inaingia kwenye bomba, inakwenda zake Dar es Salaam. Sisi tuliokaa mlangoni pa gesi tunapikia ya mtungi iliyopakiwa kwenye lori huko huko Dar. Mtungi wangu na mimi tumekuja Mtwara kwa barabara moja, na sote wawili tulifika tumechakaa.)

Nyumba yetu ya kupanga iko Magomeni, ya hapa hapa Mtwara. Jiko ni la wote: ukumbi wa nyuma ulioezekwa bati, ukuta pande tatu. Upande mmoja kuna meza ya Mama Vitumbua. Jina lake la kweli lipo, ila hata mama mwenye nyumba halitumii. Siku hiyo alikuwa na oda kubwa ya sikukuu, na ndoo ya mchele uliosagwa kwa tui na iliki ilikuwa imeumuka vizuri, imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Mkumbuke kitambaa hicho.

Nilianza kwa kupima ubora. Kwenye ukaguzi wa kabla ya mnada huchukuliwa sampuli, korosho zinakatwa katikati, kiini kinatazamwa kama ni cheupe au kimeharibika. Nami nikaketi na kisu, nakata moja moja, natikisa kichwa kama mkaguzi, nasema "daraja la kwanza hii" kwa sauti ya kusikika hadi chumba cha Mwalimu. Katikati ya ganda la korosho kuna mafuta mazito, makali, ambayo viwandani yanaingia kwenye breki za magari na kwenye rangi. Haya nilikuwa nayajua fika. Kila msimu nasimama kwenye kaunta nawaambia wakulima: vaeni glovu. Glovu zenyewe nauza mimi.

Vidole vikaingia mafuta. Nikavipangusa kwenye suruali. Jasho likanitoka, nikafuta paji la uso.

Kisha nikawasha gesi, nikamimina korosho kwenye kikaango.

Mwanzoni zilikuwa na heshima. Zikabadilika rangi taratibu, nikawa nageuza na mwiko, najisikia mtu wa kusini kamili. Halafu zikaanza kutoa jasho. Halafu zikaanza kutema. Moja ilitema hadi kwenye kioo cha simu yangu, ambayo nilikuwa nimeiegemeza ukutani irekodi. Moshi ukatoka mweusi, mzito, wa kuwasha macho na koo, na kwa kuwa upepo wa mvua ulikuwa unaingia ukumbini badala ya kutoka, moshi haukuwa na pa kwenda ila vyumbani. Nikasikia Mwalimu anakohoa. Nikasikia mtoto wa Mama Vitumbua analia. Nikasikia Bibi, kutoka kitandani kwangu, akisema kwa utulivu kabisa: "Tayari."

Kikaango kikashika moto.

Si moto wa kuonea haya. Mafuta ya korosho yakishika yanawaka kwa fahari, na ulimi wa moto ulipanda hadi karibu na kenchi. Mimi nikafanya alichofanya kila mtaalamu kabla yangu: nikarudi nyuma, nikaita jina la Mungu, nikatafuta ndoo ya maji. Mama Vitumbua akanidaka mkono, ananipigia kelele kwamba maji na mafuta yanayowaka ni maadui, nitatuunguza. Katika kuvutana huko Afande, mpangaji wetu ambaye ni mlinzi wa usiku na alikuwa ndiyo kwanza kalala, akatoka na virungu viwili akiuliza wezi wako wapi.

Aliyetuokoa ni Bibi. Mwanamke aliyekuja kliniki kwa sababu haoni vizuri alitoka chumbani na beseni, akateka mchanga wa mama mwenye nyumba uliorundikwa kwenye kona ya ukumbi kusubiri fundi, akafunga gesi kwa mkono mmoja na kurusha mchanga kwa mkono mwingine. Mchanga ukazima kikaango. Ukazima jiko. Na kwa kuwa kliniki ilikuwa bado haijafanya kazi yake yote, beseni la pili lilitua lote juu ya kile kitambaa cheupe, likazama nacho ndani ya ndoo.

Mama Vitumbua hakusema neno. Ningependa angesema.

Moshi ulikuwa haujaisha, kwa hiyo wote tulitoka, tukasimama chini ya mwembe, mvua inatunyeshea mwaka mpya vichwani. Mwalimu, ambaye anafundisha historia na hana sikukuu katika somo lake, akaniuliza nilikuwa napika nini. Nikamwambia nakula vya kwetu mwaka huu.

"Vya kwetu vipi?"

"Korosho. Muhogo."

Akafuta miwani. Akasema mkorosho asili yake ni Brazili, uliletwa na Wareno karne ya 16. Muhogo nao umetoka Amerika ya Kusini, meli ni zile zile za Wareno. Mahindi pia ya Amerika. "Kwa hiyo," alisema, "umetaka kutuchoma ndani kwa chakula cha Mreno."

Bibi akamkata jicho. "Mreno gani? Mkorosho ule kaupanda mume wangu wa kwanza, babu yake huyu, na shimo nilichimba mimi." Kisha akanigeukia. "Mwaka 2018 Serikali ilinunua korosho zetu zote kwa shilingi 3,300 kilo, ikaleta na jeshi kuzibeba. Jeshi, mume wangu! Wana bunduki, wana malori. Umesikia hata mwanajeshi mmoja kazikaanga ndani ya nyumba?"

Afande, ambaye hajawahi kuwa mwanajeshi, alitikisa kichwa kwa niaba yao.

Lakini nisimdhulumu mtu haki yake, hata korosho. Moshi ulipopungua Bibi alifukua mchanga, na chini yake korosho zilikuwa zimeiva. Zilizoungua ni chache. Mchanga ulikuwa umenyonya mafuta, umezituliza, kazi ile ile ya mchanga mkavu aliyonieleza asubuhi. Akajipaka majivu mikononi, akakaa barazani na jiwe, anagonga kwa ubavu, ganda linaachia, kiini kinatoka kizima. Sote tukala. Mwalimu alikula chakula cha Mreno kuliko mtu yeyote. Hata Mama Vitumbua alitafuna, ingawa alikuwa anatafuna huku ananitazama mimi. Nilimlipa ndoo yake papo hapo, pamoja na faida ambayo angepata, na hapo ndipo bajeti yangu ya mwezi ilipoishia, saa nne asubuhi ya tarehe moja.

Baada ya hapo nikaenda chooni.

Wanaume wa Tandahimba, Newala na Nachingwea wameshanielewa, na wanaweza kuruka aya mbili. Kwa wengine niseme tu kwamba mtu aliyeshika mafuta ya korosho ghafi hunawa kwa sabuni *kabla*, hunawa tena, kisha anafikiria kama kweli ana haja ya kwenda. Mimi nilinawa baada.

Jioni paji la uso lilikuwa limechora mstari mwekundu wa vidole vinne. Hilo lilikuwa la kuonekana. Usiku sikulala. Nilipata kila mkao ambao mwili wa binadamu unaruhusu, na hakuna hata mmoja uliofaa. Bibi akaniuliza gizani nina nini. Nikasema tumbo. Akanyamaza kidogo, halafu nikamsikia anacheka peke yake kwa sauti ya chini, kicheko cha mtu aliyekulia kwenye mikorosho.

"Mume wangu," alisema, "lipake mafuta ya nazi hilo tumbo."

Asubuhi nilipitia duka la dawa. Dada wa pale alinitazama paji la uso tu.

"Korosho?"

"Ndiyo, dada."

"Na wapi tena?"

Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya kina mama wenye watoto wa chanjo na wasio na chanjo. Nikasema usoni tu. Akaniwekea chupa ya kalamini kaunta. Nikaomba kubwa zaidi. Akaniuliza uso wangu una ukubwa gani. Foleni nzima ikaangalia juu, kwenye feni, na mabega yao yakawa yanatikisika.

Suruali ilikuwa haiwezekani. Afande, Mungu amzidishie, aliniazima kanzu. Yeye ni mrefu, mimi wa kawaida, na njia ya kwenda dukani ilikuwa tope tupu, kwa hiyo nilitembea nimeinyanyua mbele kwa mikono miwili, hatua fupi, miguu imeachana, naogopa hata kurukia dimbwi. Haikuwa Ijumaa.

Sasa, kwa wasioijua Mtwara: Desemba shule zikifungwa, watoto wengi wa kiume hupelekwa jando, na huku mwanzoni mwa mwaka utawaona wanatoka, nguo mpya, ndugu wanashangilia, ngoma mitaani. Mji mzima unajua mwendo ule. Unaujua kuliko unavyomjua mwenye mwendo.

Wa kwanza alikuwa muuza kahawa wa pale kona. Alinitazama napita, akaweka birika chini, akaniitikia salamu kwa upole ambao hajawahi kunionyesha. Wa pili alikuwa bosi wangu, ambaye aliniletea kiti chenye mto bila kuuliza chochote, akaenda kusimama mlangoni akitazama barabara. Kufikia saa tano wateja walikuwa wengi kuliko kawaida ya Januari, na nusu yao hawakuwa na shida ya pembejeo. Kijana mmoja alinunua sindano ya pampu, akarudi kuinunua tena.

Ningeeleza. Lakini nikajiuliza nieleze nini hasa: kwamba nilishamaliza mambo hayo utotoni, Mbagala, na kwamba hili ni jingine, ni la korosho, niliposhika mafuta kisha nikashika? Mtaalamu? Nikaamua kukaa kimya. Simu ya Bibi ilipigwa kutoka Newala mchana huo, na kwa anavyosimulia mwenyewe, shangazi zangu walimuuliza kama habari ni za kweli, naye, kwa kuwa hawezi kumvunjia mume wake heshima kwa kutaja ukweli, alipiga kigelegele.

Kabla ya kufunga akaingia mzee mmoja wa Nanyamba, mteja wangu wa miaka. Hakununua kitu. Alisogea hadi kwenye kaunta, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaniinamia.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Nyie wa Dar mnachelewa, lakini mnafika."

Akaniwekea noti ya elfu kumi kiganjani, akaikunja na vidole vyangu.

Nikamtazama. Nikaitazama noti. Nikafikiria ndoo ya vitumbua, chupa ya kalamini, na kodi ya tarehe tano.

"Shukrani, mzee wangu," nikasema, nikaitia kwenye mfuko wa kanzu. "Bado panauma kidogo."