Galatoni ya mjomba

Saa nane usiku chumba kizima kililia PAAA! Mke wangu akaruka kitandani: "Mwizi!" Na mke wangu huimba sauti ya kwanza kwaya, akisema mwizi ujue mtaa umesikia. Kabla sijaipata swichi, ua wa nyumba tuliyopanga Mbagala umeshajaa watu: huyu na mwiko, yule na ufagio wa chelewa, na mzee wa chumba cha mbele kajifunga shuka kiunoni, tofali mkononi.

"Yuko wapi?"

Nikawasha taa. Kwenye kochi gitaa la mjomba limelala chali. Briji, kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni, kimeng'oka na kinaning'inia kwenye nyuzi kama jino la mtoto wa miaka sita. Pale kilipokuwa kimegandishwa pamebaki mbao nyeupe, mbichi, kama kidonda.

"Hamna mwizi," nikasema. "Ni gitaa."

Mzee akaliangalia gitaa, akaniangalia mimi. "Limefanya nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtu mwenye tofali.

Mjomba wangu gitaa lolote lisilochomekwa kwenye umeme analiita galatoni. Wazee wengi wa dansi ndivyo wanavyosema. Jina lilitoka kwenye magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini, likaenea mpaka kila gitaa kavu likawa galatoni, kama vile kwa bibi yangu kila dawa ya meno ni Kolgeti. Kuna Gallotone moja iliyopata umaarufu duniani, ile aliyokuwa nayo John Lennon wa bendi ya Beatles ujanani, na ndani yake kulikuwa na lebo ya kumhakikishia mnunuzi kwamba haitapasuka. La mjomba halikuwa na lebo.

Alikuwa anakwenda Korogwe msibani, akaniachia: "Mpwa wangu, nitunzie galatoni yangu." Mimi ni mpiga gitaa la umeme, mambo ya gitaa kavu nayajua kwa kuyapita njiani. Siku ya kwanza nikalipapasa kidogo. Sauti ya upole mno, bumm, bumm, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Nikasema hizi nyuzi zimechoka. Ngoja nimbadilishie, mzee akirudi akute zawadi.

Ishara zote kwamba hili ni gitaa la nyuzi za nailoni zilikuwepo, sikatai. Shingo pana kama ubao wa kukatia nyama. Kichwa kina madirisha mawili, na ndani yake vile vigogo vya kuzungushia nyuzi ni vya plastiki nyeupe, vinene. Nyuzi tatu nyembamba zilikuwa nailoni tupu, unaona hadi ng'ambo, kama mshipi wa kuvulia changu. Mtu mwenye macho angejiuliza. Mimi nikapanda daladala kwenda Kariakoo.

"Gitaa gani, kaka?" muuzaji akauliza.

"Galatoni."

Hakuuliza tena, na simlaumu hata kidogo. Dukani ukisema galatoni umesema nyuzi za chuma. Akanipa seti iliyovikwa shaba, 0.012 hadi 0.053, yaani unene wa uzi wa kwanza na wa sita kwa inchi. Nikalipa shilingi 25,000, nikarudi nikipiga mluzi.

Seti ya nailoni ikishakazwa huivuta briji kwa kama kilo 40 hivi. Ile niliyofunga mimi huvuta zaidi ya kilo 70. Gitaa lililozaliwa kubeba ndoo mbili za maji nililitwisha mfuko wa saruji na nusu. Nilipokaza uzi wa tano mbao ikasema krrr. Nikajiambia linazoea. Nilipomaliza uzi wa kwanza, tumbo la gitaa lilikuwa limevimba nyuma ya briji, unaliona kabisa ukiliinamishia taa, na zile plastiki nyeupe zimeanza kukatwa na chuma. Lakini sauti! Kali, inang'aa, inajaza chumba. Nikapiga hadi mke wangu akasema basi. Tukalala saa nne. Mengine wapangaji wenzangu watakusimulia, bado wanasimulia.

Sasa mtu mwenye akili angeishia hapo. Tatizo langu ni uchungu wa 25,000. Nyuzi zenyewe hazina kosa, sijazikata hata mikia, nazitupaje? Na Jumamosi bendi yetu ndogo ina sendofu Tabata, na nyuzi za gitaa langu la umeme zimeota kutu mpaka vidole vinanuka chuma. Nikazihamisha.

Gitaa langu limezoea 0.009 hadi 0.042. Uzi wa sita wa galatoni haukutaka hata kuingia kwenye kijifereji chake pale shingoni, ulikaa juu juu kama kuku kwenye kamba ya nguo. Briji ya gitaa hili inashikwa na springi, na nilipokaza nyuzi ikainuka nyuma kama bata anayekunywa maji. Nikafungua mgongo, nikakaza skrubu za springi hadi ikashuka. Nikajaribu bila amplifaya, kwa sababu baada ya usiku ule sikutaka kelele nyumbani. Safi kabisa.

Ukumbini tulichelewa, hatukupata muda wa kujaribu vyombo. MC akatangaza kwamba familia ya binti inaleta ndafu, na mimi ndiye wa kufungua wimbo, peke yangu, kwa kamdundo fulani ka nyuzi nene nilikokabuni mwenyewe. Nikapiga. Kikatoka kitu kama mtu anayeongea ndani ya gunia. Nikaongeza sauti. Gunia. Nikageuza kitufe hadi mwisho, nikaongeza na kwenye amplifaya. Mpiga besi ananitolea macho. MC akasema, "Wahusika wa umeme tafadhali."

Vijana wawili walikuwa wameshaingia, kila mmoja upande wake wa sinia, mbuzi mzima kakaa katikati na majani yake mdomoni, amechomwa akang'aa. Wakafika usawa wa spika. Na mimi hapo hapo nikamaliza kamdundo kangu kama kanavyomalizika, kwa uzi wa kwanza.

NYIIIIII!

Kijana wa mbele akaruka. Wa nyuma hakuruka. Ndafu akateleza taratibu, kwa heshima zote, akatua mapajani mwa mshenga wa upande wa bwana harusi, uso kwa uso. Ukumbi ukanyamaza. Mshenga, bila kusogea, akalitoa jani moja begani.

MC yule nitamwombea maisha yangu yote. "Wakwe zetu," akasema, "ndafu kashindwa kusubiri, kaja mwenyewe kuwasalimia!" Vigelegele. Nikainama nyuma ya amplifaya kama ninayetengeneza kitu.

Mpiga besi ndiye aliyenisomesha, huku tukila ubwabwa jikoni kwa kujificha. Gitaa la umeme linasikiliza kwa pikapu, na siyo ile ya kubebea viazi. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba, na sumaku inachokisikia ni chuma. Nyuzi nne nene za galatoni zimevaa koti la shaba, na shaba kwa sumaku ni hewa, kwa hiyo inasikika ile roho nyembamba ya chuma iliyo ndani tu. Nyuzi mbili nyembamba ni chuma kitupu, ndizo zinazopiga yowe. Za umeme huvikwa chuma kilichopakwa nikeli.

"Na uliponunua ulisema nini?" akauliza.

"Galatoni."

Akacheka mpaka wali ukamtoka puani.

Gitaa la mjomba nililigandisha briji kwa gundi ya mbao, nikalifunga kwa mpira wa baiskeli, nikaweka juu kitambaa na tofali, lile lile la mzee wa chumba cha mbele, ambaye sasa kila asubuhi alipita kuuliza hali ya mgonjwa. Siku tatu. Nikanunua nyuzi za nailoni, safari hii nikabeba picha kwenye simu. Nikazifunga fundo moja moja. Ukilitazama kwa mbali huoni kitu.

Mjomba akarudi Jumapili.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Galatoni yangu haijambo?"

Akalipakata, akapiga bumm, bumm. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Unasikia? Imechoka hii. Nimepita Kariakoo nikitoka stendi." Akaingiza mkono kwenye koti, akatoa pakiti. 0.012 hadi 0.053.

"Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri," akasema. "Wewe unajua kuzifunga?"

"Najua, mjomba."