Sungura Hayumo Kwenye Orodha

Jamani, mwizi wa maharage ana adabu kuliko wezi wote wa Kilolo, huku Iringa. Hachimbi, hakanyagi matuta, haachi taka. Anakata tu. Inama kwenye tuta asubuhi hii uone: miche imebaki urefu wa kidole gumba, imekatwa mshazari kana kwamba mtu alipita na wembe. Pembeni kuna vinyesi vya mviringo, vikavu. Ukivunja kimoja, ndani ni nyasi tupu. Mbuzi angerarua akaacha nyuzinyuzi, maana mbuzi hana meno ya mbele juu. Kwa hiyo mbuzi wa jirani tumwache leo, kesi zake nyingine zipo palepale.

Ni sungura. Sungura pori, yuleyule ambaye watoto wamesimuliwa mwaka mzima jinsi anavyomzunguka fisi, wakacheka, wakalala vizuri. Sasa wanashangaa mbona wakubwa wamenuna na Sungura ameshinda tena.

Tembo akiingia shambani kwako unapata heshima. Mtendaji anakuja, bwana nyama, yaani afisa wanyamapori, anakuja, fomu zinajazwa, na kanuni za mwaka 2011 zinataja kifuta jasho, yaani fedha kidogo za kumpoza, kwa aliyeliwa mazao na wanyama wakali na waharibifu. Sungura hayumo kwenye orodha. Nenda ofisini kaseme umeharibiwa shamba na mnyama wa kilo mbili, uone karani atakavyoinamia droo akitafuta mahali pa kuficha kicheko.

Haya, muue basi. Thubutu! Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka leseni kwanza. Mnyamapori ni mali ya umma, na anaendelea kuwa mali ya umma hata maharage yako yakiwa tumboni mwake.

Pamoja na hayo, kila Jumapili msako haukosi. Hupangwa kilabuni, kwa kuwa maharage na ulanzi, pombe ya mianzi, vyote ni vya mvua, na ulanzi ukifika kikombe cha tatu kila mtu ni mwindaji. Hesabu: wanaume saba, mbwa tisa, na kati ya hao tisa wanaojua kazi ni wawili. Lazima awepo mmoja amebeba jembe. Anachimba. Kila shimo analoliona anachimba, akisema yumo, anamsikia. Sungura pori hakai shimoni, mzee wangu! Mchana analala juu ya ardhi, kwenye kijishimo kifupi alichokilalia mwenyewe kati ya majani, masikio kayalaza mgongoni. Hata watoto wake huzaliwa hapohapo nje, wakiwa na manyoya na macho wazi. Aliyemo humo shimoni ni panya, au nyoka, na nyoka hapendi kuamshwa Jumapili.

Sungura mwenyewe anawasubiri. Anawaacha mfike hatua mbili, karibu mguu umkanyage, ndipo anachomoka. Hapo akili za watu saba zinayeyuka.

“Huyooo!”

“Wapi?”

“Kapita kwako!”

“Kwangu kapita mbwa!”

Anapanda mlima. Hapandi kwa bahati mbaya. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, kwa hiyo mlimani ndiko kwake, bonde ndilo linalompa taabu. Wanaojua huwa wanamkatia njia juu wamrudishe chini. Wetu wote wako chini, wanapiga kelele kwenda juu. Mbwa wa kwanza akimkaribia, akishafungua mdomo, sungura anakata kona. Mbwa ana uzito wake na mwendo wake, hawezi kona ile. Anapitiliza moja kwa moja mpaka kwenye miba, anatokea upande wa pili amesahau alikuja kufanya nini. Wa pili anamkuta wa kwanza, wanapigana. Mwenye jembe bado anachimba.

Na sungura hatoki kwenye eneo lake. Anazunguka, anarudi karibu na alipoanzia. Ndiyo maana mzee mmoja asiyekimbia, aliyebaki juu ya kichuguu na kikombe chake, ndiye pekee anayemwona akirejea taratibu na kuketi kwenye maharage. Hana rungu, ana kikombe. Anafanya ustaarabu.

“Kamwene,” anamsalimia kwa Kihehe.

Na hata angepatikana! Kilo mbili akiwa hai. Toa ngozi, kichwa, matumbo, inabaki kilo moja. Gawa kwa saba, na mbwa wanaangalia. Nyama yenyewe haina mafuta hata chembe, ukiichoma inakuwa kandambili. Inataka kuchemshwa taratibu saa mbili, kisha karanga. Karanga zenyewe unanunua.

Umfukuze kwa majivu? Mvua ya usiku mmoja inayaosha. Pilipili, vivyo hivyo. Sanamu la koti na kofia, vinyesi vinakutwa miguuni pake. Mitego ya waya ni kosa, tena hunasa mbwa wa mwenyekiti.

Kinachofaa ni wavu wa waya, matundu yasizidi sentimita tatu, kimo sentimita 75 hivi, na chini ukunjwe kuelekea nje, ufukiwe sentimita 15, maana yeye hupenda kujipenyeza palipo na upenyo. Ekari moja ya mraba mzunguko wake ni mita 255 hivi. Roli moja la wavu ni mita 30, hayo ni maroli tisa. Linganisha na bei ya gunia la maharage halafu ukae chini kwanza. Mwenye akili huzungushia upande wa kichaka tu, tena kwa wiki tatu nne za mwanzo, kabla mashina hayajakomaa.

Lakini nunua uone. Jirani anakuja na shikamoo zake mbili, anaomba mita mbili za kuchekechea mchanga, anajenga. Mchanga wenyewe uko kwenye lori, lori limekwama kwenye ule mpando tangu Alhamisi, na vijana wa kulisukuma wote wako mlimani na mbwa.