Gofu lenye watu ndani

Picha za nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, zilizobakia mifupa zinapendwa sana. Lipu imemeguka, mti umeota juu ya ukuta, na watazamaji wanasifu mwanga. Wapo wanaokerwa nazo, wakisema zinaufanya uchakavu wa mji kuwa pambo. Wapo wanaosema bila hizo tutasahau hata tulichokuwa nacho. Mimi ni mmoja wa wanaozipiga, na bado naona wanaokerwa wana haki kuliko tunavyopenda kukiri.

Nianze na upande wangu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, ikiwa katika matengenezo. Watu wawili walikufa. Fundi wa kulirudisha jumba kama lile atataka kujua nguzo ilikaa vipi na roshani ilishikwa na nini, na mwenye picha ya karibu ana cha kumpa.

Picha husaidia hata kabla nyumba haijaanguka. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba, boriti haifiki mbali. Paa likivuja, maji hushuka ndani ya ukuta mpaka kwenye ncha ya boriti, ikaoza. Wengi huziba kwa saruji, nayo huzidisha ubaya: chokaa huuacha ukuta ukauke, saruji huufungia unyevu ndani. Ninazo picha mbili za pembe moja huko Kiponda. Katika ya kwanza, pembeni mwa kiraka cha saruji, kuna ufa mwembamba kama uzi. Katika ya pili, masika mawili baadaye, ufa unaingia kidole, na ncha ya boriti imekuwa nyeusi, inapukutika kama tumbaku. Ningekuwa na moja tu, ningeona ukuta mzee, basi.

Nyumba hiyo mwenyewe nilikuwa naiita gofu. Siku ya picha ile ya pili, kamera iko jichoni, mlango ulifunguliwa na mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, mbona hupigi hodi?" Nyuma yake palikuwa na ndoo inayokinga maji na sare za skuli zimeanikwa kwenye kamba.

Hapo ndipo hoja ya wanaokerwa inaponibana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, serikali ikazichukua nyumba nyingi, na familia zikapangishwa humo. Nyingine ni za wakfu, nyingine zina warithi waliotawanyika mpaka Maskati na Dubai. Mpangaji hana uwezo wa kutengeneza, na hata akiwa nao, anatengeneza nyumba isiyo yake. Sisi tunaikwepa ile kamba ya nguo ili picha itulie, kisha tunaandika kwamba nyumba imetelekezwa. Nyumba ikishajulikana kuwa haina mtu, kumtoa aliyemo ili pageuzwe hoteli kunakuwa kwepesi. Picha yetu imeshamfuta kabla ya barua kumfikia.

Kuzionyesha hizo nguo nako kuna ubaya wake, kwani ni kuanika dhiki ya mtu bila idhini yake. Hata hivyo sidhani suluhisho ni kuweka kamera chini. Naona mpiga picha apige hodi kwanza, aulize, akikataliwa aondoke. Na akipiga, aandike mtaa na tarehe, maana picha isiyo na tarehe haimfai fundi wala mpangaji.

Yule mama aliniomba nimsafishie zile picha mbili, ya ufa mwembamba na ya ufa mpana, azipeleke kwa wanaompangisha. Nyuma ya kila moja nimeandika mwezi na mwaka.