Jirani Asiyekaa Barazani: Kuhamishia Familia Mashambani kwa Wamennonite wa Lancaster

Familia nyingi zizungumzazo Kiswahili katika jiji la Lancaster, jimboni Pennsylvania, ni za Wakongomani waliofika kama wakimbizi baada ya kukaa miaka mingi katika kambi za nchi jirani, na maisha yao ya Marekani huanzia katika nyumba za kupanga zilizobanana katikati ya mji. Miaka michache baadaye baba ana leseni ya udereva, mama amepata kazi ya zamu, gari lipo, na swali linaanza kuzungumzwa mezani: kwa nini tusihamie shamba? Wengi wao walizaliwa vijijini, wanajua jembe, na wamechoka kusikia hatua za mpangaji wa ghorofa ya juu. Lakini katika kaunti ile, na hasa upande wa kaskazini-mashariki kuelekea Hinkletown, Martindale na Terre Hill, kuhamia shamba maana yake ni kuishi kati ya Wamennonite, Wakristo wanaokataa kwenda vitani, na ambao baadhi yao hujitenga na mambo ya dunia. Nimekuwa nikilitafakari swali hilo tangu nilipotembelea familia moja iliyofanya hivyo, na maoni yangu ni kwamba msaada utaupata kule kuliko mjini, ila watu wa kukaa nao hutawapata, na anayedhani kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja atapata shida.

Kwanza lazima tukubaliane tunamzungumzia nani, kwa sababu Mtanzania wa mkoa wa Mara akisikia neno Mennonite anakumbuka hospitali ya Shirati na kwaya za Kanisa la Mennonite Tanzania, kanisa lililoanzishwa mwaka 1934 na wamisionari, miongoni mwao Elam Stauffer, waliotumwa na bodi ya misheni ya Lancaster hii hii, na ambalo mwaka 1967 lilimpata Zedekia Kisare kuwa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Ndugu wa namna hiyo bado wapo Lancaster. Wanavaa kama watu wengine, wanaendesha magari, na baadhi yao ndio waliojitolea kumpokea mkimbizi uwanja wa ndege na kumtafutia kitanda. Jirani wa Martindale anaweza kuwa mtu wa tawi jingine kabisa. Mwaka 1893 Wamennonite wa kaunti hiyo waligawanyika kuhusu mambo mapya kama shule za Jumapili, na waliokataa mambo hayo wakajitenga. Mwaka 1927 hao waliojitenga nao wakagawanyika tena kwa ajili ya gari: upande mmoja ulilikubali, kwa sharti kwamba liwe jeusi hata bampa zake, na upande wa pili ukabaki na farasi hadi leo. Hawa wa farasi wana umeme na simu nyumbani, wanalima kwa trekta, lakini gurudumu la trekta lazima liwe la chuma ili lisije likageuzwa kuwa gari la kwendea mjini. Televisheni na intaneti hawana. Nyumbani wanaongea lahaja yao ya Kijerumani, na Kiingereza wanakitumia kwa wageni kama sisi. Kazi ya misheni waliwaachia wale ndugu waliotengana nao, kwa hiyo anayetarajia kupokewa kwa nyimbo za Shirati atakutana na mtu mpole, mwenye kofia ya majani makavu, ambaye Tanzania hajawahi kuifikiria.

Upole huo ni wa kweli na una matendo. Familia niliyoitembelea ilihamia mwezi wa Novemba, na theluji ya kwanza kubwa iliwakuta hawana hata koleo. Asubuhi, kabla baba hajajua aanzie wapi, vijana watatu wa nyumba ya pili walikuwa wamekwisha kuifungua njia yote kutoka barabarani hadi mlangoni. Mama akaweka sufuria ya chai ya tangawizi jikoni, akakaanga maandazi haraka haraka, na alipotoka kuwakaribisha, walikuwa wanaondoka. Walishukuru, wakasema wana ng'ombe wanaosubiri kukamuliwa, wakaenda. Maandazi yakaliwa na watoto. Baadaye mama alipeleka mengine kwa miguu, ndani ya bakuli lililofunikwa kitambaa, na wiki iliyofuata bakuli likarudi likiwa na mtungi wa achari ya bitiruti. Yeye alifurahi kupita kiasi, kwani kwao chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, na hakutegemea kwamba Wazungu wa farasi nao wanayajua hayo.

Hata hivyo, tangu siku hiyo hadi nilipofika mimi, hakuna aliyekuwa ameketi kwa mwenzake. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Ujirani tuliolelewa nao huanza kwa kukaa: mtu anapiga hodi bila sababu, anapewa kigoda, habari za nyumbani zinapita, na kutokana na kukaa huko ndiko msaada huja siku ya msiba au ya harusi. Kwa Wamennonite wa kizamani ujirani na mtu wa nje huanza na kuishia kwenye kazi. Ghala likiungua wanakuja kwa makumi na kulisimamisha upya. Vikosi vya zimamoto vya kujitolea vya kaunti hiyo vina watu wao, na minada ya kuvichangia inayofanyika mapema katika majira ya kuchipua, uwanjani penye matope hadi kwenye vifundo vya miguu, ni mahali pazuri pa kununua jembe, kitanda na kuku kwa siku moja. Baraza lao lakini wanalo wenyewe, Jumapili baada ya ibada, na limejaa tayari: binamu, shemeji, mashangazi, watu wenye majina ya ukoo yale yale matano au sita. Sioni chuki katika jambo hilo. Jamii iliyodumu kwa kujitenga na dunia haiwezi kumfungulia kila anayehamia karibu, na mababu zao, waliofukuzwa Uswisi na Ujerumani kwa ajili ya imani na kufika Lancaster mwaka 1710, walijifunza mapema kwamba ukuta wao ni wao wenyewe. Hata hivyo, kwa mama aliyezoea kusukana nywele uani na majirani wanne, upole usio na mazungumzo ni upweke wa aina yake, na ni vigumu kuulalamikia kwa sababu hakuna aliyekukosea.

Watoto ndio wanaoulipia zaidi. Mtoto wa miaka sita au saba atakuwa na raha: kuna nafasi, kuna ndama wa kutazama, na watoto wa jirani watacheza naye kwenye ukingo wa shamba bila kujali lugha. Lakini asubuhi wenzake hao wataelekea kwa miguu au kwa baiskeli kwenye shule yao ya chumba kimoja, na yeye atasimama peke yake kusubiri basi la shule ya serikali. Shule yao huishia darasa la nane, haki ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha mwaka 1972 katika kesi iliyohusu familia za Waamish, Wakristo wengine wa kizamani wanaofanana nao, na baada ya hapo kijana anaingia kazini kwa baba yake. Mtoto wa familia ya Kikongo, ambaye wazazi wake wamevuka bahari ili asome, atakuwa anaanza sekondari mwaka uleule ambao rafiki yake wa utotoni anaacha masomo na kuanza kukamua ng'ombe alfajiri. Sisemi ni njia mbaya. Vijana wale wana ufundi wa mikono ambao wengi wetu tumeupoteza. Nasema tu kwamba njia zao hapo zinaachana, na mzazi anapaswa kulijua hilo kabla ya kuhama.

Kuna mambo mengine ambayo hayana uhusiano na imani ya mtu yeyote, nayo ndiyo yanayosahaulika zaidi. Maji ya mashambani hutoka kisimani, na jimbo la Pennsylvania halisimamii ubora wa visima vya binafsi. Mwenye nyumba ndiye anayepaswa kupima. Katika eneo lenye ng'ombe wa maziwa wengi kiasi kile, samadi hutandazwa shambani mwaka baada ya mwaka, na naitrati zake, yaani chumvi zenye nitrojeni, hushuka ardhini. Kiwango cha juu cha naitrati, kikipimwa kama nitrojeni, ambacho serikali kuu inakiruhusu katika maji ya umma ni miligramu 10 kwa lita, na mtoto mchanga wa chini ya miezi sita akinywa maji yaliyozidi hapo, damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni vizuri. Sisi tuliozoea kuchemsha maji ya kunywa tuwe makini hasa, kwa sababu kuchemsha hakuondoi naitrati. Maji yakipungua kwa mvuke, naitrati inazidi kukolea. Harufu ya samadi hiyo nayo, inapomwagwa, huingia hadi ndani ya mito ya kulalia. Kulalamika hakufai kitu: sheria ya jimbo ya mwaka 1982 inalilinda shamba lililokwisha kufanya kazi zake kihalali kwa mwaka mmoja dhidi ya kesi za kero, na kwa kweli aliyehamia karibu na zizi akamshtaki mwenye zizi hastahili kusikilizwa.

Afya nayo iangaliwe. Surua iliyozuka magharibi mwa Texas Januari 2025 ilianzia katika jamii ya Wamennonite wa kaunti ya Gaines, ikawapata zaidi ya watu 750 jimboni, na watoto wawili ambao hawakuwa wamechanjwa wakafariki. Wamennonite wale wana historia tofauti na hawa wa Lancaster, wala hakuna fundisho la imani yao linalokataza chanjo, lakini katika jamii nyingi za namna hii wanaochanja ni wachache kuliko mjini. Familia yenye watoto waliochanjwa kikamilifu haina haja ya kuogopa. Yenye mtoto mchanga iulize daktari mapema.

Jambo moja sikulitarajia kabisa. Wamennonite hukataa kwenda vitani, na wamelipia msimamo huo kwa karne tano, kwa hiyo familia iliyokimbia bunduki za Kivu inaweza kudhani imefika mahali pasipo na bunduki. Mwishoni mwa Novemba msimu wa kuwinda kulungu hufunguliwa, na tangu mapambazuko milio husikika kutoka kila upande wa mabonde. Jirani yule yule asiyeweza kumwinulia mtu mkono ana bunduki ya kuwindia nyuma ya mlango. Baba wa familia ile aliniambia kwamba asubuhi hiyo ya kwanza aliwalaza watoto chini sakafuni kabla hajakumbuka yuko nchi gani. Hakuna aliyewadokeza mapema, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba walihitaji kudokezwa.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake. Mwanamke anayejitanda mtandio, awe Mwislamu au Mkristo wa kimya kimya, hatakuwa kituko mahali ambapo wanawake wote wa jirani wamevaa magauni marefu na kofia nyeupe za wavu. Hakuna atakayemcheka binti yako kwa kukosa simu. Mbuzi wa sherehe hupatikana katika mnada wa mifugo wa New Holland, ambako wanunuzi Waarabu na Waafrika wamekwisha kuwa wenyeji. Mboga huuzwa kwenye kibanda kando ya barabara kisicho na muuzaji, unaacha pesa ndani ya kopo na kuondoka. Na mchicha unaota wenyewe, ingawa jirani huung'oa kama magugu, jambo lililomchekesha mama yule hadi akaomba apewe badala ya kutupwa. Mwenye gari kubwa anaweza hata kupata kazi, kwa kuwa watu wa farasi hukodi madereva kwa safari za mbali.

Kununua ardhi ni habari nyingine. Wamennonite na Waamish hushindana wenyewe kwa wenyewe kutafutia watoto wao mashamba, sehemu kubwa ya ardhi ya kilimo imefungwa kwa mikataba inayozuia ujenzi, na bei imepanda kiasi kwamba tangu miaka ya 1970 familia za Wamennonite wa farasi zimekuwa zikihamia kaunti ya Yates, katika jimbo la New York. Ikiwa wenyewe wanashindwa, mgeni mwenye mshahara wa kiwandani asijidanganye. Apange nyumba kwanza, na mwaka mzima, ili aonje Februari na aonje msimu wa samadi.

Sharti langu lingine ni kwamba asiukate mguu wa mjini. Kutoka Terre Hill hadi jijini ni kilomita zipatazo 30, hakuna usafiri wa kutegemewa, na gari moja kwa wazazi wawili wenye zamu tofauti halitoshi. Familia ile imebaki na nafasi yake katika kwaya ya mjini, inaendesha Jumatano usiku na Jumapili, na ninaamini hicho ndicho kinachoishikilia. Majirani wanawapa mikono. Kwaya inawapa watu wa kukaa nao. Familia isiyo na pa kurudi Jumapili ningeishauri isihame, hata kama nyumba ni nzuri na kodi ni nafuu.

Mkataba wao unaisha Juni, na kijana wao mkubwa ataingia sekondari Agosti. Mama anataka kubaki. Kijana anataka kurudi mjini na amekwisha kusema hivyo mara mbili mbele ya wageni. Nilipomuuliza baba, alinyanyuka, akafungua droo ya jikoni, na badala ya jibu akanionyesha karatasi ya majibu ya maabara ya maji ya kisima: miligramu 7 kwa lita.