Mwanafunzi akisema tusilotaka kusikia

Desemba 1965, mjini Des Moines nchini Marekani, wakuu wa shule walipata fununu kwamba kuna wanafunzi wanaopanga kuja darasani wakiwa wamefunga vitambaa vyeusi mkononi, kuwaombolezea waliokufa katika vita vya Vietnam. Wakuu hao walikaa kikao wakavipiga marufuku kabla hata kimoja hakijavaliwa. Wanafunzi wachache walivivaa hivyo hivyo. Mmoja wao, Mary Beth Tinker, alikuwa na miaka 13. Aliitwa ofisini, akaambiwa akivue, akakivua, akarudi darasani. Bado akasimamishwa masomo.

Leo ni rahisi kusahau kwamba maoni yale hayakupendwa. Vita vilikuwa bado vinaungwa mkono na wengi, na familia ya binti huyo ilitishiwa na nyumba yao ikarushiwa rangi nyekundu. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na Februari 24, 1969, majaji 7 kati ya 9 waliamua kwamba mwanafunzi haachi uhuru wake wa kujieleza getini. Shule ikitaka kumzuia, ionyeshe kwamba alichofanya kinavuruga masomo kwa kiasi kikubwa au kinaingilia haki za wenzake. Hofu ya uongozi kwamba huenda patatokea vurugu haitoshi.

Wanaoitaja kesi hii kwa kawaida huishia hapo. Mimi naona ni haki kumsikiliza pia Jaji Hugo Black, aliyeipinga hukumu hiyo, kwa sababu katika maisha yake ya ujaji alikuwa mtetezi mkali wa uhuru wa kusema. Black alisema kipindi cha hisabati kilikuwa kimeharibika kwa mabishano juu ya kitambaa kile, na kwamba wananchi hulipa kodi ili watoto wakajifunze, si wakafundishe. Mwalimu yeyote aliyewahi kuingia darasani na mada moja akajikuta anaamua ugomvi wa siasa mpaka kengele ya kutoka anaelewa alichokuwa anakisema. Kipindi kikipotea kimepotea, na anayekikosa si yule mbishi peke yake. Hata yule aliyenyamaza pembeni akisubiri hesabu yake amekikosa.

Upande wa shule una hoja nyingine nzito zaidi ya hiyo. Mtu mzima akichukizwa na hotuba mtaani hupita zake. Mwanafunzi hana pa kupita. Sheria inamlazimu awepo, ratiba inamweka dawati moja na mtu anayesema kwamba kabila lake, dini yake au watu wa aina yake hawastahili kuwa nchini. Akitoka nje ameshatoroka kipindi. Ndiyo maana hukumu ya 1969 yenyewe ilizitaja haki za wanafunzi wengine, na ndiyo maana mahakama bado zinahangaika na mpaka huo. Mwaka 2023, katika jimbo la Massachusetts, mvulana wa miaka 12 alikuja shuleni na fulana iliyosema kuna jinsia mbili tu. Aliambiwa aivue, akakataa, siku hiyo akarudi nyumbani. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliipa haki shule, ikisema uongozi ulikuwa na sababu ya kuwalinda wanafunzi ambao ujumbe ule uliwagusa utu wao. Mei 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza kesi hiyo, huku majaji wawili wakitaka isikilizwe.

Msomaji atakuwa ameshaanza kuchagua upande: aliyefurahia kesi ya kitambaa pengine amekasirishwa na ya fulana, au kinyume chake. Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Mtoto wa 1965 na mtoto wa 2023 wote wawili walivaa kitu kisichopiga kelele, hawakumtaja mwenzao yeyote kwa jina, wala hawakumzuia mwalimu kuzungumza. Ukimtetea mmoja na kumwadhibu mwingine, inakubidi utaje tofauti iliyomo katika tendo lenyewe, si katika kiasi ambacho ujumbe umekuudhi wewe. Mahakama ya rufaa iliitaja: kitambaa kilizungumzia vita, fulana ilizungumzia wanafunzi walivyo. Naiheshimu hoja hiyo, ila haijaniridhisha. Karibu kila jambo la siasa lina watu ndani yake. Mjadala wa wahamiaji unamgusa mtoto wa mhamiaji, wa ardhi unamgusa mtoto wa aliyenyang'anywa na wa aliyegawiwa. Tukisema kila linalomgusa mtu alivyo lisitamkwe shuleni, tutakuwa tumeifunga siasa yote nje ya geti.

Mstari ninaouamini mimi unapita kwingine. Kumfuata mwenzako korido nzima ukimwambia arudi kwao ni uonevu, na uonevu una adhabu yake hata kama aliyeufanya anauita maoni. Kusema katika mdahalo wa darasa kwamba nchi ipunguze wahamiaji ni maoni, hata kama yanamchoma aliyekaa mbele. Huyo aliyechomwa anahitaji mwalimu atakayehakikisha anapata nafasi ya kujibu na hachekwi anapojibu. Ni kazi ngumu kuliko kuandika barua ya kumsimamisha mtu, na ninakubali kwamba walimu wengi hawakufundishwa kuifanya.

Kuna suala jingine ambalo kamati za nidhamu hulipita haraka mno: vurugu ilianzishwa na nani? Mwanafunzi anasema jambo lisilopendwa, wenzake thelathini wanazomea, viti vinagongwa, kipindi kinavunjika. Ripoti inaandikwa kwamba mwanafunzi fulani amesababisha vurugu, na anayeondoka na mzigo wake ni yeye. Wazomeaji wanabaki wakiwa wamejifunza kwamba ukimpigia mtu kelele za kutosha, uongozi utakuondolea. Zipo nyakati ambazo msemaji mwenyewe amekusudia kuchochea, na hilo lichunguzwe. Lakini kuanza uchunguzi kwa yule mmoja kwa sababu ni rahisi kumwondoa mmoja kuliko thelathini ni kuikimbia kazi.

Tatizo haliko Marekani tu, wala haliko kwa watoto tu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mshahara. Bango moja lilisema wakati wa mkoloni ulikuwa afadhali. Katika nchi yenye miaka mitano ya uhuru, sidhani palikuwa na maneno ya kuudhi kuliko hayo. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kujipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha zaidi ya wanafunzi 300 wakarudishwa makwao. Baadaye wengi waliruhusiwa kuendelea na masomo. Hasira ya Nyerere naielewa, na hoja yake kwamba msomi ana deni kwa wakulima waliomsomesha naiona ya kweli hadi leo. Lakini hoja ya kweli ingesimama bila kufukuza mtu. Wale vijana walijibiwa vizuri sana na mtu aliyekubali kukata mshahara wake. Kuwafukuza hakukuongeza chochote kwenye jibu hilo.

Siku hizi mengi hayatokei hata shuleni. Mwanafunzi anaandika Jumamosi usiku akiwa kwao, mtu anapiga picha ya skrini, Jumatatu mzazi anaitwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2021, kwa majaji 8 dhidi ya 1, kwamba mamlaka ya shule juu ya maneno ya nje ni finyu zaidi, kwani vinginevyo mtoto hatakuwa na saa hata moja ya kusema kwa uhuru. Nakubaliana nayo, isipokuwa pale anapotisha au kumwandama mtu.

Kinachonisumbua zaidi ni lugha ya barua zenyewe. Makosa huandikwa kwa maneno mapana: utovu wa nidhamu, mwenendo usiofaa, kuchafua jina la shule. Hakuna anayeweza kujitetea dhidi ya maneno hayo kwa sababu hayasemi alifanya nini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unampa mtoto haki ya kusikilizwa na ya kujieleza, na ibara ya 28 inataka nidhamu ya shule iendane na utu wake. Kwa kiwango cha chini kabisa, barua itaje tendo, saa, mahali na kanuni iliyovunjwa, na mwanafunzi asikilizwe kabla adhabu haijaanza.

Na kamati ijiulize kama tendo lile lile lingeadhibiwa kwa ujumbe wa upande mwingine. Des Moines hawakujiuliza. Mahakama ilibaini kwamba shule zile zile ziliwaruhusu wanafunzi kuvaa beji za kampeni za siasa, na baadhi walivaa hata msalaba wa chuma, alama iliyohusishwa na Wanazi. Kilichopigwa marufuku kilikuwa kitambaa cheusi peke yake. Hukumu ya kulisema hilo ilichukua zaidi ya miaka mitatu kutoka, na binti wa miaka 13 alikuwa na miaka 16.